Mbwa Aliyezungushwa Mafiga

Nilipokuwa mtoto, paka wa nyumbani kwetu walikuwa na haki ambazo mimi sikuwa nazo. Waliruhusiwa kulala juu ya mkeka wa kuswalia. Mimi nikiukanyaga pembeni kwa miguu yenye mchanga, nilifukuzwa. Walipewa kichwa cha samaki kabla sijapewa mkia. Walikuwa wawili: Sharifa, jike wa rangi ya majivu, aliyetembea kana kwamba ardhi imetandikwa kwa ajili yake, na dume mweupe mwenye sikio lililochanika, ambaye mjomba wangu alimpa jina la Kadhi kwa sababu alipenda kukaa kizingitini na kuwatazama watu wanaogombana mpaka waone haya.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mzaa mama, katika kijiji kilicho nyuma kidogo ya Msambweni, pale minazi inapoanza kupungua na mikorosho kushika nafasi. Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Baba alifanya kazi gatini Mombasa na alikuja kila alipopewa ruhusa, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa Mjomba Rashidi, kaka yake mama. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na mama alikuwa mja mzito.

Kisa hiki kimesimuliwa katika ukoo wetu mara nyingi, na karibu kila mara kimesimuliwa upande mmoja. Nimesomea sheria, na kazi imenifunza kutenga kile kilichoonekana na kile kilichosemwa kuwa kimeonekana. Nitajaribu kufanya hivyo hapa. Lakini sitajifanya sina upande. Ninao, na sijauhama tangu siku hiyo.

Chanzo kilikuwa nguruwe mwitu. Msimu ule waliliingilia shamba letu la muhogo kama watu waliokaribishwa. Kila asubuhi tulikuta matuta yamepinduliwa na mizizi imetafunwa nusu. Mjomba alikesha dunguni, lile jukwaa la miti la kulindia mazao, akapiga debe mpaka akapoteza sauti, na nguruwe wakazoea debe. Ndipo alipokwenda Lunga Lunga kuuza mbuzi, akarudi na kikapu chenye kifuniko. Ndani ya kikapu kulikuwa na mbwa mdogo, mwekundu kama udongo wa barabarani, mwembamba kiasi kwamba mbavu zake zilionekana kupitia ngozi. Nilimwita Kijiti kabla mtu hajanikataza.

Bibi alikuwa barazani akisuka ukili. Hakuinuka.

"Rashidi, hicho ni nini?"

"Ni mlinzi, mama."

"Mlinzi gani anatetemeka?"

"Atakua."

"Atakulia wapi? Si hapa. Malaika wa rehema wataingilia wapi, na dada yako yuko katika hali hii?"

"Hataingia ndani, mama. Atakaa shambani. Akishakuwa na meno."

"Na mpaka awe na meno?"

Mjomba alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Kusema kweli, nilikuwa nalo. Nilikwisha kumchukua.

Lazima nieleze imani ya bibi kwa haki, kwa sababu hakuwa mtu wa kuropoka. Aliamini, pamoja na wanawake wengi wa rika lake, kwamba paka ndio wa kwanza kujua. Wakihama nyumba yenye mja mzito, basi kuna mtu wa nyumba hiyo atakayehama nyuma yao. Ndiyo sababu paka kwetu hawakuachwa wakae kwa hiari yao tu. Paka mgeni aliletwa ndani ya kikapu kilichofunikwa, asiione njia ya kurudia alikotoka. Kisha bibi alimtoa, akamzungusha juu ya mafiga, akampaka majivu ya jikoni kwenye nyayo, na kumwambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyoambiwa mgeni, "Hapa ndipo kwako." Kadhi alizungushwa hivyo mbele yangu. Mimi ndiye niliyeshika kikapu.

Sasa fikiria ushahidi uliokuwa mbele ya mtoto. Mnyama ameletwa kwa kikapu chenye kifuniko. Mnyama analia, hana kwao. Desturi ya kumpa kwao ipo, nami niliijua kwa vitendo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba desturi hiyo ni ya paka peke yao. Labda hakuna aliyedhani kwamba yupo kiumbe atakayehitaji kuambiwa.

Bibi alipokwenda kisimani, na mama akiwa amejilaza, nilimwingiza Kijiti jikoni. Moto ulikuwa umezimika. Nilimzungusha juu ya mafiga, nikampaka majivu kwenye nyayo zote, nikamwambia, "Hapa ndipo kwako." Kadhi alikuwa kizingitini. Sharifa alikuwa juu ya uchaga, tumbo lake limejaa, macho yamefumba nusu. Nilipomweka Kijiti chini, alikwenda moja kwa moja kumnusa Kadhi puani, kwa ujinga wa mtoto ambaye hajawahi kukataliwa. Kadhi alimpiga kofi moja, kofi la hukumu isiyo na rufaa. Kijiti alipiga ukelele, Sharifa akaruka kutoka uchagani, akapita dirishani, na hatukumwona tena siku hiyo. Kadhi akapanda mchongoma, kutoka hapo akaingia juu ya makuti.

Nilipogeuka, bibi alikuwa mlangoni na ndoo kichwani. Aliishusha polepole, bila kumwaga hata tone, na hilo ndilo lililonitisha.

Bibi aliponifurahia aliniita mke mwenzangu, kwa utani ule wa mabibi. Siku hiyo aliniita kwa jina kamili.

"Mwanatumu binti Hamisi. Umemfanya nini huyo?"

"Nimemwambia hapa ndipo kwake."

Alikaa juu ya kinu kilicholala.

Vyungu vyote vilitolewa nje, na masufuria, na mwiko, na mbuzi ya kukunia nazi, na kila kimoja kikaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa chombo kilicholambwa na mbwa. Mama alitoka akiwa ameshika kiuno. "Mama, alivilamba lini vyote hivi?" aliuliza. Bibi alijibu kwamba mbwa alitoa ulimi. "Nani aliuona ulimi?" niliuliza mimi, na nikapigwa kwa ukanda wa ukili aliouokota barazani. Haukuuma. Swali lilibaki palepale.

Kesho yake chuoni nilisubiri wenzangu watoke, nikamwendea Maalim, mwalimu wetu wa Kurani, aliyekuwa mtu mpole mwenye kikohozi.

"Shikamoo Maalim. Naomba kuuliza. Mbwa wa kulinda muhogo ni haramu kumfuga?"

"Marahaba. Wa kulinda mazao ana ruhusa. Wa mchezo ndiye aliyekatazwa."

"Na akiingia jikoni?"

Alinitazama kwa makini. Habari ilikwisha kumfikia. Ilikwisha kumfikia kila mtu.

"Alikuwa mkavu?"

"Mkavu, Maalim."

"Na majivu?"

"Makavu."

"Kikavu kwa kikavu hakuna najisi. Ulimi je?"

"Bibi anasema aliutoa. Hakuna mwingine aliyeuona."

Maalim alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mtoto huyu! Ungekuwa mwanamume ningekutuma ukasomee ukadhi."

Nilibeba fatwa hiyo nyumbani kama sahani iliyojaa, na ile nusu ya pili ya maneno yake nikaibeba mahali pengine, ambako ilikaa miaka mingi ikinichoma mpaka nikaishughulikia. Bibi alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Maalim anakijua kitabu. Mimi naijua nyumba hii. Sharifa yuko wapi?"

Kadhi alikuwa juu ya paa, akishuka kula na kupanda tena. Lakini Sharifa hakurudi siku hiyo, wala iliyofuata, wala baada ya Ijumaa. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika. Watoto wenzangu walinipigia makofi njiani, "Mwanatumu mama mbwa! Mwanatumu mnyonyeshe!" Niliwaambia mbwa wangu ana adabu kuliko wao, jambo ambalo, kwa kadiri ya ushahidi niliokuwa nao, lilikuwa kweli.

Bibi alitoa uamuzi: Kijiti arudishwe Lunga Lunga safari ya kwanza ya mjomba. Mpaka wakati huo afungwe shambani kwa kamba ya usumba. Nilikubali sehemu ya kamba.

Safari hiyo haikuwahi kufanyika. Mama alishikwa na uchungu asubuhi moja, mapema kuliko walivyotarajia. Mkunga aliitwa, mlango wa chumba ukafungwa, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo sauti ya mama ilivyopungua badala ya kuongezeka. Bibi alitoka mara moja tu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeliona gari likija na hawezi kupiga kelele.

"Rashidi," alisema, "mtoe yule mnyama katika ardhi hii. Sasa hivi. Kamtupe msituni, nguruwe wamle, sijali. Sharifa ameondoka. Sitaki mwanangu amfuate."

Nilikuwa nimesikia kabla hajamaliza. Nilikimbia shambani, nikamfungua Kijiti, nikapanda naye dunguni na kuivuta ngazi juu. Ngazi ile ilikuwa mti wenye vikato, mzito kwa mtoto. Sijui niliivutaje.

Mjomba alifika akihema. Alisimama chini, mikono kiunoni.

"Mwana, shuka."

"Sishuki."

"Nipe huyo mbwa, basi, ubaki wewe."

"Maalim amesema wa kulinda mazao ana ruhusa. Hapa ni shamba. Hili ni dungu. Analinda."

Mjomba alimtazama Kijiti, ambaye wakati huo alikuwa akitafuna upindo wa kanga yangu. Nilimwona akijizuia asicheke, kisha nikaona kicheko kikimfia usoni.

"Mwanatumu, mama yako hali yake si nzuri."

"Najua."

"Bibi yako anaamini akiondoka huyu, mama yako atapona."

"Na wewe, mjomba, unaamini?"

"Mimi naamini kwamba leo si siku ya kubishana na mama yangu."

Nataka kusema jambo hapa kwa uangalifu, maana ndilo ninaloulizwa kila kisa hiki kinaposimuliwa: ulithubutuje? Mama yako yumo katika hali ile, wewe unang'ang'ania mbwa. Jibu langu ni kwamba nilipima. Nilipima kwa akili ya mtoto, lakini nilipima. Nilijiuliza mbwa aliye huku shambani anamfanya nini mama aliye kule chumbani, anamfikia kwa mkono gani, na sikuuona mkono. Niliogopa. Nilijua vilevile kwamba nikimtoa Kijiti na mama akapona, watu watasema ni kwa sababu hiyo, nami nitalazimika kuamini hivyo maisha yangu yote. Kwamba uhai wa mama ulinunuliwa kwa kiumbe asiyekuwa na kosa. Sikukubali. Sijawahi kuujutia uamuzi huo, na sitaujutia sasa ili kuwapendeza wasimuliaji.

Mjomba alikaa chini ya dungu, mgongo wake ukielekea nyumbani. Hakupanda. Angeweza, ulikuwa mruko mmoja kwake. Hakupanda, na hilo pia liandikwe.

Baada ya adhuhuri tuliitwa. Mama alikuwa hai. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kimya, na kimya akabaki. Mjomba alimbeba ndani ya kitambaa cheupe kama mtu abebaye maji ambayo hataki yamwagike, na wanaume wachache wakamfuata mpaka makaburini chini ya mikorosho.

Bibi alinikuta uani.

"Umeona?" alisema. Hakusema kwa ushindi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilisema mtu atahama. Amehama."

Hoja zangu zote zilikuwa zimekauka mdomoni. Kama pangekuwa na mtu wa kunihukumu saa ile, ningesimama nikahukumiwa bila kutetewa.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Sauti ya mama ilitoka ndani, ndogo, iliyochoka.

"Mwanatumu. Mbwa yuko wapi?"

Mkunga, aliyekuwa akiosha mikono, aliacha kuosha.

"Yuko dunguni, mama."

"Amekula?"

"Bado."

"Mpe chochote. Hajala tangu asubuhi, na yeye ni mtoto."

Bibi aliingia ndani. Nilimfuata mpaka mlangoni. "Binti yangu," alisema, "wewe hujui unalosema, umechoka. Yule ndiye aliyemfukuza Sharifa. Yule ndiye..."

"Mama," alisema mama yangu. Alikuwa amelala ubavu, anatazama ukuta. "Na Athumani? Athumani alifukuzwa na mbwa yupi?"

Athumani alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi, aliyefariki hata arubaini yake haijatimia. Jina lake halikutajwa katika nyumba ile. Mimi nilikuwa nimelisikia mara moja tu, na nilikatazwa kulirudia. Wakati huo ilikuwa nyumba isiyo na mbwa. Ilikuwa na paka, wala paka hawakuwa wamekwenda popote.

Bibi alikaa pembeni mwa kitanda, akaanza kumkanda mama miguu, polepole, kuanzia nyayo. Nilimsikia akilia, kilio cha zamani kuliko cha siku ile. Mama naye akalia. Niliondoka mlangoni, nikachukua ukoko wa wali, nikaenda dunguni.

Ushahidi ulikuja baadaye, wakati hakuna aliyeuhitaji tena isipokuwa mimi. Nilitumwa kwa jirani yetu Bi Mwanamisi, aliyekuwa na banda la kukaushia mbata, zile nazi kavu. Juu ya magunia matupu, ndani ya banda, nilimkuta Sharifa amelala na watoto wake, wanene, wakimnyonya.

"Huyu?" Bi Mwanamisi alisema. "Ananilalia humu tangu Rashidi hajaenda Lunga Lunga. Nilidhani mmemchoka. Tumbo lilipomwelemea akaacha kurudi kwenu kabisa. Panya humu ni wa kuchagua, unafikiri angerudi kwa vichwa vya samaki vya bibi yako?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Sharifa alikuwa ameanza kuhama kabla mbwa hajaletwa. Ile siku ya majivu alikimbilia mahali alipokwisha kupachagua. Kilichotangulia hakiwezi kuwa kimesababishwa na kilichofuata. Nimelisema hilo mbele ya mahakimu wengi tangu wakati huo, kwa maneno ya kisheria zaidi, na kila nilisemapo nasikia harufu ya mbata.

Mama alipokuwa bado katika siku za kukaa ndani baada ya kuzaa, alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alimwambia mjomba amlete Kijiti karibu na nyumba, amfunge chini ya mchongoma kwa kamba fupi. Gunia alilolalia mbwa aliliweka barazani, na kitambaa alicholalia Kadhi akakitupa kwa mbwa, ili kila mmoja amzoee mwenzake kwa pua kabla ya kumzoea kwa macho. Chakula cha Kadhi kiliwekwa juu ya kinu, juu zaidi ya pua ya Kijiti, na Kadhi akala huku akitazama chini kwa dharau iliyokamilika. Kijiti akisimama, mama alisema, "Kaa." Akikaa, alipewa kipande cha muhogo. Hivyo kila siku. Sidhani alifanya hayo kwa ajili ya wanyama peke yao. Mikono yake ilikuwa imetayarishwa kwa kulea, na hapakuwa na wa kulea.

Siku Kadhi aliposhuka na kulala kizingitini, Kijiti akiwa chini ya mti, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenziwe, bibi alikuwa amekaa barazani. Alitazama kwa muda mrefu. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kifuu kipya cha nazi, akanikabidhi.

"Hiki ni chake, mke mwenzangu. Kisichanganywe na vyombo vyangu. Na jikoni haingii."

"Haingii, bibi."

"Hata awe mkavu."

Kijiti alilinda shamba lile miaka mingi. Nguruwe walipungua, hawakwisha. Sitamzidishia sifa ambazo hakuzistahili. Bibi hakukiri kamwe kwamba alikosea, na mpaka anafariki hakumgusa. Lakini hakumruhusu mtu yeyote amtukane Kijiti mbele yake.

Jamaa zangu bado wanasimulia kwamba mdogo wangu alichukuliwa na mbwa. Husimulia kwenye arusi, kwenye hitima, sinia likiwa katikati, na kila mara husubiri nimalize tonge langu kwa sababu wanajua nitasimama. Nasimama. Nawaambia habari ya banda la mbata, nawaambia nani aliondoka kwanza. Husema, "Haya, wakili, kaa ule." Hawashawishiki, nami sichoki.

Lakini nikiwa peke yangu najua kwamba mimi nilihitaji banda la mbata. Nilihitaji Bi Mwanamisi arudie maneno yake. Mama yangu hakuhitaji shahidi. Alikuwa amelala na tumbo tupu, amepewa kiumbe wa kumlaumu, mdogo, asiyeweza kujitetea, na nyumba nzima ilikuwa tayari kumwondolea sehemu ya mzigo kwa kumtwisha kiumbe huyo. Alikataa. Msiba wake ulikuwa wake, wa mwanawe, na hakukubali kuugeuza uwe kosa la mwingine. Nimesoma vitabu vingi nikitafuta kanuni inayoeleza haki vizuri kuliko lile swali lake lililonifikia uani kutoka chumbani, na bado naendelea kusoma.

Amekula?